Siku Kodi Alipopanda Ulingoni

Jumamosi iliyopita nilimkuta mpwa wangu ameinama mbele ya TV, ulimi nje pembeni mwa mdomo, anavuta pua ya mtu. Anaivuta kwa pedi: kulia inapanuka, kushoto inanywea. Ni ile gemu ya mieleka, WWE 2K22, aliyonunuliwa na mamake. Kwenye skrini alisimama mwanamieleka mwenye miwani, shati la mikono mirefu na suruali iliyopandishwa karibu na kitovu. Aliponisikia nyuma yake akashtuka kidogo, kisha akauliza bila kugeuka, "Anko, nikimweka mwalimu wetu wa hesabu humu, anaweza kujua?"

Nikamwambia sijui. Nilidanganya. Najua vizuri sana, tena najua na bei yake: shilingi mia mbili kila mwezi.

Hii ilikuwa Kondele, Kisumu, likizo ya Desemba 2005, kwenye kile kibanda cha binamu yangu upande wa kwenda Manyatta. TV mbili, mashine mbili za gemu, PS2 za zamani zile nene, mabenchi ya mbao, na mimi msimamizi wa miaka kumi na tano. Mshahara wangu ulikuwa chapati mbili na kucheza bure baada ya saa moja jioni. TV ya kwanza ilikuwa ya mpira. Ya pili, ile ya pembeni karibu na pazia, ilikuwa ya mieleka, SmackDown! Here Comes the Pain, ambayo ilitoka 2003 na kutufikia sisi ikiwa imenakiliwa kwenye diski isiyo na kava, jina limeandikwa kwa kalamu ya wino mzito.

Mwanzoni ilionyesha picha nyeusi na nyeupe. Diski ilikuwa ya mfumo wa NTSC wa Marekani na TV yetu ilijua PAL peke yake, kwa hiyo umbo linapita, rangi zinabaki njiani. Hakuna aliyelalamika. Undertaker hahitaji rangi.

Kibiashara, mpira ndio uliokuwa na akili. Mpira una dakika. Zikiisha, mmoja anatoka, mwingine anaingia, shilingi tano kila kichwa. Mieleka haina kipenga cha mwisho. Watu wawili wanaojuana mikono wanaweza kugaragazana dakika ishirini kwa shilingi kumi zilezile, na foleni inakua nyuma yao hadi nje. Nilichofanya ni kuingia kwenye sheria za pambano na kuwasha hesabu ya kumi kwa anayekaa nje ya ulingo, maana wengi walipenda kutoka chini kutafuta kiti cha chuma na kusahau kurudi. Halafu binamu akapata multitap, kile kisanduku cha kuchomekea pedi nne badala ya mbili. Watu wanne, shilingi ishirini pambano moja. Hapo ndipo TV ya pembeni ilipoanza kulisha ile ya mpira.

Kitu kingine ni kwamba gemu ile haikuwa na watangazaji. Matoleo mawili ya kabla yake yalikuwa nao, hili likaja kimya: muziki, kishindo, kelele za watu, basi. Kwa hiyo tukawa na mtangazaji wetu, kijana wa Nyalenda ambaye hakuwahi kuwa na shilingi tano lakini hakuna aliyethubutu kumtoa. Alisimama nyuma ya benchi na kutangaza kwa Kiswahili na Dholuo, akichanganya na matangazo ya vifo ya redioni. Siku asipokuja, mapato yalishuka. Sisemi kwa utani, nilikuwa naandika daftarini.

Adui wetu alikuwa vumbi. Kibanda cha mabati, mlango wazi, barabara bila lami: baada ya wiki mbili tatu skrini inakuandikia kwamba diski haisomeki. Dawa ya kwanza ni spiriti. Unafungua skrubu za chini, nane au kumi kutegemea modeli, zimefichwa chini ya vifuniko na miguu ya mpira. Unainua mfuniko pole pole, kwa sababu kuna utepe mwembamba wa kitufe cha kuwashia, na ukiukata huo umejitafutia kazi nyingine kubwa kuliko uliyokuja nayo. Unatoa kifuniko cha diski, unachovya pamba kidogo tu kwenye spiriti, unapangusa lenzi kwa kuigusa kama jicho la mtoto, unaacha ikauke kabisa. Ikikataa bado, pembeni ya lenzi kuna gurudumu dogo jeupe la meno linaloinua na kushusha. Unaliwekea alama ya kalamu kwanza, ujue ulikotoka, kisha unasogeza jino moja, unajaribu. Jino moja tena, unajaribu. Mwenye haraka huzungusha matano kwa mpigo, lenzi inapanda ikaikwaruza diski, na jioni hiyo kila mtu anacheza mpira.

Na adui wetu wa pili alikuwa mwenye ploti.

Alikuja tarehe tano ya kila mwezi, na daftari kwapani. Koti hata jua la saa saba, kofia ya pama, tumbo lililomtangulia kama mjumbe. Ukichelewa siku mbili anatoa fyuzi ya laini yako kwenye ile boksi ya stima, anaitia mfukoni na kwenda zake bila neno. Desemba ile aliitoa mara mbili, mara ya pili watu wanne wakiwa katikati ya pambano. Tulirudisha shilingi ishirini. Usiku huo, stima iliporudi, tulikaa watatu na kumtengeneza.

Sehemu ya kuunda mwanamieleka kwenye gemu ile ilikuwa kubwa kuliko gemu nyingine nzima. Unachagua kichwa, unanyoosha taya, unapanua mashavu, unavalisha nguo tabaka juu ya tabaka. Kofia tulipata iliyokaribia. Koti tulipata. Tumbo tulilisukuma mpaka mwisho wa mstari. Aliyeundwa huanza dhaifu, na nguvu, kasi na stamina unampandisha kwa pointi. Sisi hatukumpa hata moja. Jina tukaandika KODI.

Asubuhi yake watu walipanga foleni. Kila mtu alitaka kumpiga Kodi. Ila tulikuwa tumefanya kosa la kiufundi: tulimweka kwenye uzito wa juu kabisa, na gemu hii ilikuwa inajali uzito. Rey Mysterio akijaribu kumwinua, inashindikana. Wembamba wote wakawa hawana faida, wanampiga ngumi tu kama watu wanaogonga mlango. Kumnyanyua Kodi ilibidi umchukue Big Show au Brock Lesnar, na hao wakagombaniwa hadi nikaweka zamu. Ukimpeleka Hell in a Cell, lile pambano la ndani ya kizimba cha wavu, ukampandisha juu ya paa la wavu, ndipo pesa yako imerudi.

Na ndivyo alivyotukuta.

Sikuona pazia likifunguka. Nilichosikia ni mtangazaji kunyamaza katikati ya neno. Kwenye skrini Lesnar alikuwa amesimama mbele ya Kodi, juu ya paa, tayari kwa F-5, pigo lake la kumalizia, na mwenye pedi hakuwa amegeuka, kwa hiyo akabofya L1. Kodi akazungushwa hewani, koti na kofia na tumbo. Paa likaachia. Alianguka muda mrefu.

Mwenye ploti aliendelea kusimama. Daftari kwapani. Akasogeza miwani.

"Ma en ng'a?" Huyu ni nani?

Hakuna aliyejibu. Kisha mtoto mmoja wa darasa la tatu, aliyekuwa akikaa chini kwenye ndoo, akasema kwa adabu kabisa: "Ni Kodi, Jaduong'." Yaani mzee, kwa heshima.

Nakumbuka joto la mabati. Nakumbuka feni ya PS2 ikivuma, kitu ambacho siku nyingine husikii. Alitazama skrini, ambapo Kodi alikuwa amelala chali na kile kijimwili cha pembeni kinachoonyesha majeraha kimebadilika rangi kuanzia kichwa hadi miguu. Alitazama kwa muda ambao mtu hutazama picha yake ya kitambulisho. Halafu akaingiza mkono mfukoni. Mimi nilijua anatoa fyuzi.

Akatoa shilingi kumi. Akaiweka kwenye kopo. Benchi likampisha.

"Nipe hiyo kitu," akasema. "Nichukue huyu wangu."

Akanielekeza mimi kwa kidevu nikae upande wa pili. Nikamchukua Rey Mysterio, mmoja wa wadogo kabisa, nikijua hawezi kumbeba. Kusudi langu lilikuwa moja: kushindwa, na kushindwa upesi.

Jaribu uone. Kodi hakuwa na nguvu. Sisi wenyewe ndio tuliomnyima. Ngumi zake zilinigusa kama kanga. Na aliyemshika alikuwa anabofya kila kitu kwa pamoja, hivi kwamba mara anapiga, mara anaangukia madoido na Kodi anawapungia watazamaji mikono. Ningeachia pedi tu na kusimama, angeona. Ni mtu aliyezoea kutazama mikono ya watu kwenye kaunta. Kwa hiyo nilikuwa nabofya kwa nguvu, lakini nabofya pabaya. Namrukia na kumkosa kwa makusudi. Najaribu kumwinua nikijua uzito utakataa, ili Rey ashtuke nyuma akiwa wazi. L2 na R2, za kuzuia, nikazipumzisha vidole kabisa. Nilitoka nje ya ulingo nihesabiwe hadi kumi, naye akanifuata huko huko, bila kujua afanyalo, na hesabu ikawa yetu sote. Nikarudi ndani mbio.

Pole pole mtangazaji akapata sauti. Kwanza kwa kunong'ona. "Kodi... Kodi anamkaribia..." Kisha kwa nguvu zaidi, na watu wakaanza kushangilia, na mimi niliapa baadaye kwamba waliigiza, lakini sina hakika. Kwenye TV mshindi wa mieleka anapangwa mapema, hilo hata sisi tulikuwa tunalijua. Kwenye kibanda ndiko hapakuwa na mpango. Ndiyo sababu watu walilipa. Mchana huo, katikati ya Kondele, nikiwa natoka jasho kumfanya mzee mnene aonekane tishio, ndipo nilipofanya ile kazi yenyewe wanayoifanya wale watu wa Marekani. Ni ngumu. Mgongo uliniuma kweli.

Alipoangusha kiwiko Rey akalala, nikamwambia, "Jaduong', mshale wa chini pamoja na duara. Pamoja." Akatafuta duara. Akainamisha kichwa kulitafuta. Nilikuwa nahesabu moyoni Rey asije akaamka mwenyewe, kwa sababu huamka hata usipomgusa. Akalipata. Kodi akalala juu. Refa akapiga moja, mbili, mimi nikigonga kitufe kimoja kwa kelele nyingi, tatu.

Kibanda kililipuka. Yeye hakucheka. Aliweka pedi juu ya benchi kwa uangalifu, kama kikombe cha wageni, akasimama, akavuta koti.

"Tumbo mmeongeza," akasema.

Akachukua kodi yake, akaandika daftarini, akatoka.

Yaliyobaki ni mafupi. Januari kodi ilipanda kutoka 1,500 hadi 1,700. Binamu alinilaumu hadi alipohama Kisumu. Lakini ploti ya jirani nayo ilipanda mwezi uleule, na pale hapakuwa na PS, kuliuzwa mkaa. Nimeizungusha hesabu hii miaka ishirini na bado sijapata jawabu. Fyuzi haikutolewa tena, hilo nakumbuka. Au labda tulianza kulipa mapema.

Kuna jambo moja zaidi. Kabla shule hazijafunguliwa niliichomeka memori kadi, nikamfungua Kodi kwenye sehemu ya kuunda. Mtu alikuwa amempunguza tumbo. Si lote. Mstari ulikuwa umerudishwa karibu na katikati, mkono wa mtu asiye na uhakika. Binamu alikana. Mtangazaji alikana. Mimi jioni mbili nilikuwa nimemwachia mtu kibanda niende Kibuye, na yule mtoto wa kwenye ndoo alipoulizwa alisema tu kwamba Jaduong' alipita kuuliza habari.

Mpwa wangu alikuwa bado ananisubiri. Mwalimu wa hesabu alikuwa amesimama kwenye skrini, anapumua, miwani inameta.

"Uzito umemweka ngapi?" nikamuuliza.

Akanionyesha.

"Punguza," nikamwambia. "Utakosa wa kumnyanyua."