Stilicho alipozuia upanga usichomolewe

Wiki hii nimekuwa nikisoma habari za Stilicho, na hanitoki kichwani. Majemadari wa Roma tunaosimuliwa zaidi ni wale waliopindua dola au kuteka nchi za watu. Huyu alikuwa na jeshi mkononi na hakupindua kitu.

Baba yake alikuwa Mvandali aliyelitumikia jeshi la Roma. Mama yake Mroma. Alipanda vyeo hadi Kaisari Theodosius akamwoza Serena, mpwa wake mwenyewe. Theodosius alipofariki mwaka 395, mwanawe Honorius alikuwa na miaka 10 tu, na Stilicho akabaki mlezi wa mtoto na mkuu wa majeshi ya nusu ya magharibi ya dola ya Roma. Mwaka 402 alimzuia Alaric, mfalme wa Wagothi, kule Pollentia, kaskazini mwa Italia. Mwaka 406 akamshinda Radagaisus, kiongozi mwingine wa Wagothi, karibu na Florence.

Hakuwa malaika. Alimwoza Honorius binti yake Maria, na Maria alipofariki akamwoza mdogo wake, Thermantia. Hapo ndipo minong'ono ilipopata pa kushikia. Kisha, mwaka 408, akalishinikiza baraza la seneti limlipe Alaric ratili 4,000 za dhahabu. Seneta Lampadius alisema ule si mkataba wa amani bali wa utumwa. Maneno matamu, lakini naona Stilicho ndiye aliyekuwa na haki: makabila yalikwisha kuvuka mto Rhine na kuingia Gaul, yaani Ufaransa ya leo, na askari wa kupigana pande zote hawakuwepo.

Fitina ikatoka ndani. Olympius, aliyepata cheo ikulu kwa msaada wa Stilicho, alimjaza Kaisari Honorius maneno kwamba jemadari anataka kumweka mwanawe Eucherius kwenye kiti cha enzi cha nusu ya mashariki ya dola. Agosti 408 askari wakaasi Ticinum, Pavia ya leo, wakawaua maofisa waliokuwa watu wake.

Stilicho akakimbilia kanisani Ravenna. Alfajiri askari wakaja, wakaapa mbele ya askofu kwamba wametumwa kumkamata tu. Alipotoka wakasoma barua ya pili: auawe. Watumishi na rafiki zake walikuwepo, tayari kumwokoa. Akawakemea, akawatisha, akawazuia wasiguse silaha, kisha akatoa shingo. Hapo husimama kusoma kila mara. Vita vya Waroma kwa Waroma vingeweza kuanza asubuhi ile, na aliyevizuia ni mtu waliyemwita mshenzi kwa sababu ya baba yake.

Jiwe la kumsifu bado lipo kwenye Uwanja wa Kale wa Roma, jina lake limekwanguliwa likafutika.

Na damu haikuishia kwake. Katika miji ya Italia, askari wa Kiroma waliwageukia wake na watoto wa askari wenye asili ya kigeni waliotumika chini ya Roma hiyo hiyo, wakawaua. Waume na baba zao, zaidi ya 30,000 kwa maandishi ya Zosimus, wakaenda kujiunga na Alaric. Agosti 410 Alaric akaingia Roma.

Kwa hiyo namheshimu sana kwa uamuzi ule wa Ravenna, na papo hapo nawawaza wale wake na watoto. Angepigana, huenda wangepata mtu wa kuwakinga. Nimegeuza jambo hili usiku kucha na bado mambo yote mawili yananikaa moyoni, hakuna linalomshinda mwenzake.