Maharage ya shangazi

Leo mchana nimekula kwa shangazi, Tanga.

Wanaojua wanajua: nina Crohn, ule uvimbe sugu wa utumbo. Kuna mahali utumbo wangu mwembamba umebana, kwa hiyo mahindi, karanga na maganda ya maharage yanaweza kukwama pale. Yakikwama, jamani, ni hospitali.

Kwenye shughuli nimezoea kusikia "kula bwana, acha kudeka." Au naletewa chupa ya mwarobaini! Crohn haiponi kwa chakula, dawa zangu nameza kama kawaida. Chakula kinanipunguzia tu maumivu.

Basi shangazi kapikia watu makande. Mimi kaniwekea pembeni: wali laini, changu wa kuchemsha, na maharage aliyoyamenya maganda moja moja, akayaponda na kuyapitisha kwenye chujio.

Vidole vyake vilikuwa bado vimekunjamana kwa maji.

Hata shikamoo sijamaliza: "Kaa ule, mwanangu. Haya hayakwami."

Nikacheka, machozi yananilengalenga.

Wenzangu wa Crohn, mboga za majani mnazipikaje? Nimechoka na viazi 😅