Vumbi la Yeriko

Jana usiku nilisali kwa namna ambayo sikuwahi kuithubutu. Mtakatifu Inyasi wa Loyola, askari aliyevunjwa mguu na mzinga kule Pamplona mwaka 1521, alifundisha watu kuingia ndani ya Injili kwa kuiwazia: uone mahali, usikie sauti, unuse, uguse. Nikasoma Marko 10:46-52 polepole, nikafumba macho.

Vumbi. Jua kali. Nikajikuta kando ya njia karibu na Bartimayo, yule kipofu aliyemlilia Yesu amrehemu, tena nikiwa mmoja wa wale wanaomkemea anyamaze! Hilo lilinichoma. Kisha Yesu akamwita, naye akatupa vazi lake, akaruka, akaenda. Nikabaki nalitazama lile vazi pale chini. Kipofu, ombaomba, pengine ndilo lilikuwa blanketi lake la usiku, na hakugeuka nyuma.

Kuna ndugu huniambia kuwazia hivi ni kujitungia Mungu. Naelewa hofu yao. Lakini akili inayochora picha nayo ni Yeye aliyeiumba.

Halafu Yesu akanigeukia mimi: "Wataka nikufanyie nini?" Aya hii naijua tangu Komunyo ya Kwanza. Sikuwahi kuulizwa. Nililia sana kabla ya kujibu.