Ninavyovuna na kuhifadhi kitunguu saumu changu

Huku Mbulu kitunguu saumu kingi huuzwa kibichi, udongo bado umeng'ang'ania mizizi, bei ikiwa chini kwa sababu kila mtu kavuna wakati mmoja. Mimi nalima matuta machache nyuma ya nyumba, ya kula na ya mbegu, kwa hiyo shida yangu ni moja tu: kikae. Na kukaa kwake huanzia shambani.

Majani ya chini yakianza kugeuka manjano naacha kumwagilia, kama wiki mbili kabla ya kuvuna. Baada ya hapo sihesabu miezi, naangalia majani. Kila jani lina ganda lake linalokizunguka kichwa, na jani likikauka, ganda hilo nalo huanza kuharibika ardhini. Ndiyo maana sisubiri mmea ukauke wote. Majani ya juu yakibaki mabichi matano au sita, nang'oa kichwa kimoja na kukikata kwa kisu katikati. Punje zikiwa zimejaa mpaka zinabana ganda, navuna. Vikichelewa vinapasuka, punje zinaachana, na ukungu hauna tena cha kuuzuia.

Sivuti kwa majani. Nachimba pembeni kwa jembe la uma, nainua, nakung'uta udongo kwa mkono taratibu, maana panapochubuka ndipo panapooza. Kuviosha, hapana kabisa.

Vikitoka shambani vinaenda moja kwa moja kwenye kichanja chini ya paa la banda, pamoja na majani na mizizi yake. Jua kali hubabua vichwa. Kinachohitajika ni kivuli na upepo. Nipendavyo mimi ni wiki tatu hadi nne, na asubuhi zetu za ukungu zikizidi naongeza siku. Kipimo changu ni shingo. Naibonyeza kwa vidole viwili, juu kidogo ya kichwa. Nikihisi kitu kinateleza ndani, bado. Shingo iliyokauka hunywea, na ganda la nje huchakacha ukilisugua.

Hapo nakata mizizi, nabakiza shingo kama sentimita 2, kisha natia kwenye mifuko ya wavu na kuitundika stoo. Vya aina ya shingo laini, isiyo na bua gumu katikati, sivikati majani, navisuka kama ukili. Mfuko wa plastiki hufungia unyevu, na baridi ya friji huamsha kitunguu kikachipua. Kuna wanaomenya punje, wakaziloweka kwenye mafuta na kuziacha kabatini. Nawaomba waache: bakteria wa botulizimu hustawi pasipo hewa, na sumu yake inaua.

Vyenye michubuko tunavila kwanza. Vikubwa kuliko vyote, vyenye maganda mazima, ni mbegu, hata jikoni kukiwa kutupu. Sivibandui mapema, kwa kuwa punje iliyobanduliwa hunyauka upesi. Nabandua siku ya kupanda, nachagua punje nene za nje, na zile nyembamba za katikati zinaingia kwenye mchuzi.