Turi, Molo Hapa

Jana kijana wangu alikuwa akitafuta chaja kwenye droo, akatoka na ile tableti ya babu yake. Akauliza kwa nini imebandikwa plasta ya kidonda kwenye pembe ya kioo. Nikamwambia ni kwa ajili ya babu. Akaridhika na jibu hilo, akapata chaja yake, akaenda zake. Mimi nilibaki nimeketi kitandani na tableti mapajani.

Kaka alikuwa ameileta kutoka Toronto, mwaka ule Baba alipoanza kufungua geti letu la mtaa wa Shabab, hapa Nakuru, jioni akisema amechelewa zamu. Zamu gani, na alikuwa amestaafu kabla sijaolewa? Daktari alitueleza kwa upole kwamba ni Alzheimer, na kwamba ugonjwa huo mara nyingi huanza kushambulia sehemu ya ubongo inayopokea mambo mapya. Ndiyo maana Baba angesahau kama amekunywa chai dakika tano zilizopita, lakini angekutajia stesheni moja moja kutoka Nakuru kwenda Kisumu: Njoro, Elburgon, Turi, Molo, Mau Summit, Londiani, akiteremka hivyo hivyo mpaka ziwani. Majirani walikuwa na maelezo yao ya shamba la Vihiga na jamaa fulani mwenye kijicho. Maneno hayo yaliniuma na bado yananiuma. Shirika la Afya Duniani linasema watu zaidi ya milioni 55 wanaishi na demensia, na wengi wao wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati kama hii yetu. Watu wote hao hawakurogwa. Ni wagonjwa, na wanahitaji watu wao karibu.

Kaka alitaka kuwa karibu. Hakuwa na namna ya kuja mara kwa mara, kwa hiyo tukakubaliana atapiga WhatsApp ya video, jioni yetu, mchana wake. Jioni ikatushinda. Jua likianza kushuka Baba hakukaliki, anatafuta kofia, anatafuta funguo, na sauti ikitoka kwenye kioo inamzidishia wasiwasi. Tukahamia saa nne asubuhi, akishaoga na kunywa uji. Kule kwa kaka ilikuwa saa tisa usiku. Aliamka kila mara, sikumsikia akilalamika.

Asubuhi mambo yalikuwa afadhali, ila kulikuwa na yule mzee. Mnajua ukipiga video, sura yako mwenyewe hutokea kwenye kidirisha kidogo pembeni. Baba alikuwa akimsalimia kaka vizuri kabisa, kwa adabu ya mtu anayesalimia mgeni, kisha macho yake yanahamia pale pembeni na uso unabadilika. "Yule mzee anayetuchungulia ni nani?" Kaka akamwambia, "Ni wewe, Mzee." Baba akakasirika. Yeye alikuwa kijana wa kazi, na yule alikuwa kikongwe asiye na meno, tena mkaidi, kila Baba akimtazama naye anamtazama. Siku nyingine alimwogopa, akanong'ona tumfukuze kabla hajaiba kitu.

Aliyetupatia dawa ni msichana aliyekuwa akimtunza. Alienda kwenye kisanduku cha dawa, akakata kipande cha plasta, akakibandika palepale, na yule mzee akatoweka. Msichana wa darasa la nane! Nilisoma makala mengi usiku kuhusu programu za wazee, vifaa vya kuongea, saa za kufuatilia mtu akipotea, na hakuna hata moja iliyotupa asubuhi ya utulivu kama kile kipande cha plasta.

Lakini hata bila yule mzee, kaka aliendelea kuwa mgeni. "Bwana, kwenu ni wapi?" Kila mara. Kaka anajibu jina lake, Baba anatikisa kichwa kwa heshima, halafu anauliza tena.

Sasa ile asubuhi. Mvua ilikuwa imenyesha Nakuru usiku kucha na mtandao ulikuwa mbovu. Picha ya kaka ilikwama akiwa amefumba jicho moja, kisha ikapotea, kioo kikawa cheusi, sauti tu ikabaki, nayo inakatikakatika. Nilinyoosha mkono nikate simu nipige upya. Baba akanizuia. Aliichukua tableti kwa mikono miwili, akaigeuza, akaiweka sikioni, kitu kikubwa kile kikafunika nusu ya uso wake. Mgongo ukanyooka. Akasafisha koo.

"Turi, Molo hapa."

Sikuwa nimeisikia sauti ile tangu utotoni. Ilikuwa kavu, ya haraka, haina kigugumizi wala kutafuta neno. Ndiyo sauti iliyokuwa ikipenya ukuta wa nyumba yetu ya reli pale Molo usiku wa baridi, wakati alipokuwa stesheni masta. Treni haikuachiliwa kutoka stesheni moja kabla ya masta wa stesheni ya mbele kupigiwa simu na kuthibitisha kwamba njia iko wazi, maana reli ilikuwa moja, na treni mbili zikikutana humo katikati ni maafa. Mimi nilikuwa mdogo, nilikuwa nikilala. Kaka ndiye aliyekuwa akitumwa na Mama kumpelekea Baba chai kule ofisini, na alizoea kukaa kwenye benchi akisikiliza.

Upande wa pili kukawa kimya. Nilidhani laini imekatika. Kisha kaka akasema, polepole, "Molo, Turi hapa. Nina treni ya abiria ya Kisumu. Njia iko wazi?"

Baba hakujibu upesi. Aligeuka akatazama dirishani, kwenye geti letu na kamba ya nguo, akatazama kushoto, akatazama kulia, kama mtu anayekagua kazi yake. Nilimwona akihesabu kitu kwa midomo. Akarudi kwenye simu.

"Njia iko wazi. Iachilie."

"Naiachilia."

"Huko Turi kuna ukungu?"

Kaka alikuwa ghorofani Toronto, usiku wa manane. Baadaye aliniambia alisimama kweli akaenda dirishani. "Upo mwingi, Masta. Sioni taa za ng'ambo."

"Basi mwambie dereva aje taratibu," Baba akasema. "Kuna watoto wanalala kwenye hilo behewa."

Kisha wakaongea. Waliongea bei ya viazi, baridi iliyochoma pareto, fundi mmoja wa njia aliyependa pombe. Baba alicheka. Alipochoka alinipa tableti akaniambia, "Mama, weka chini vizuri, ni mali ya serikali," akaomba uji.

Tangu hapo kaka alipiga bila video, akawa mtu wa Turi. Haikuwa kila siku Baba alikuwa Molo. Siku nyingine alisikiliza tu. Ugonjwa uliendelea na kazi yake, na mwisho wake mliuona, mlikuja mkatuzikia.

Senge, dada yake Baba, hakuipenda njia hiyo hadi leo. Anasema mtoto kumdanganya mzazi wake ni mtoto kumvunjia heshima, na kwamba tungemkumbusha kila siku huyu ni mwanao, huyu ni mwanao, mpaka liingie. Namwelewa. Alitaka kaka yake arudi. Na kaka mwenyewe, siku ya matanga, alinivuta kando akaniuliza kama nafikiri Baba aliwahi kujua, hata mara moja, kwamba anaongea na nani. Sikuwa na jibu. Alisema, "Nilimpata Baba, lakini yeye hakunipata mimi." Nilitaka kumpinga, na nimekuwa nikitafuta neno la kumpingia, kwa sababu nilikuwa chumbani na niliona uso ule aliokuwa hauoni.

Wiki hii mama mmoja wa kanisani kwetu, ambaye mama yake ameanza kupotea njia ya sokoni, ameniuliza anunue simu gani ili watoto walioko Mombasa waweze kumsalimia nyanya. Nimemwambia anunue yoyote yenye spika ya nguvu. Wapige asubuhi, mmoja mmoja, wasimjazie kioo kwa sura nyingi, na wasimuulize kama anawakumbuka. Wangoje wasikie yeye yuko wapi siku hiyo. Akaniuliza, je, akiwa mahali ambapo wao hawapo? Nimemwomba anipe muda, kesho nitampigia kaka nimuulize angejibu nini.