Mbuzi akijibiwa "nazi": kupima kwa maneno hapa Tanga

Jaribio la kuhusisha maneno, la kutafuta yanayomgusa mtu moyoni, linaonekana jepesi: unataja neno, mtu anajibu neno la kwanza linalomjia. Daktari wa akili Carl Jung alilitumia Zürich, Uswisi, mwanzoni mwa karne iliyopita kwa orodha ya maneno 100 na saa ya kuhesabu sehemu za sekunde. Mwaka 1910 watafiti Kent na Rosanoff walichapisha Marekani majibu ya watu 1,000, ijulikane jibu lipi ni la kawaida na lipi la pekee. Majedwali hayo hayafai kumhukumu mtu wa Tanga, hata ukitafsiri vizuri namna gani.

Mtu wa Ngamiani, hapa mjini Tanga, akisikia "mbuzi" akajibu "nazi", jedwali la kigeni litamwona wa ajabu, kumbe amewaza mbuzi ya kukunia. "Kaa" je: wa pwani, la moto, au keti? Maneno hayo yaondoe. "Haraka" italeta "baraka" kwa nguvu ya methali tu. Kwa hiyo, kabla ya kumpima mgonjwa, wasomee orodha wenyeji wazima wa rika na elimu mbalimbali, uandike majibu yao.

Siku ya kipimo, simu zizimwe. Anza na maneno matano ya mazoezi, maana wengi hudhani ni mtihani na hutafuta jibu sahihi. Bonyeza saa kwenye silabi yenye mkazo, yaani ya pili kutoka mwisho, uisimamishe anapoanza kujibu. Maneno mazito (kifo, deni, mume) yatenganishe kwa mepesi matatu au manne, kwa sababu hisia ya neno moja huchelewesha hata linalofuata. Andika na kicheko, kikohozi, kurudia neno lako. Mwishoni soma orodha upya, akumbuke alivyojibu. Anaposahau, tia alama.

Kisha panga nyakati zake kuanzia fupi hadi ndefu. Ile ya katikati ndiyo kipimo chake, si ya jirani. Kuchelewa peke yake si kitu. Kuchelewa, kucheka na kusahau jibu kwenye neno lilelile, hapo pana la kuuliza, kwa upole, na si la kutajia ugonjwa.

Mzee akipimwa na kijana atasita kwenye maneno ya unyumba kwa haya tu. Na anayezungumza Kisambaa nyumbani huenda akachelewa orodha nzima, kwa kuwa anatafsiri kichwani. Huyo mtafutie mpimaji wa lugha yake.