Mlango wa Mfenesi

Masika si majira ya kumwahidi mtu keki ya fondanti, ile sukari inayokandwa kama unga, hapa Unguja. Sukari hunyonya unyevu wa hewa, keki ikaanza kutoa jasho na rangi zikachuruzika. Lakini aliyekuja kuniagiza alikuwa binti wa fundi wa milango, na baba yake alikuwa ameamua kuweka patasi chini. Macho yalikuwa yamechoka. Wanawe walitaka kumfanyia dua na chakula, na mezani awekewe mlango.

"Usiniwekee tao," alinisisitizia. "Ile ya Kihindi yenye mviringo juu si kazi ya baba. Kizingiti chake cha juu kimenyooka. Na ni mfenesi, dada, si msaji."

Neno lake la mwisho ndilo lililonipa kazi. Wapambaji wengi tukiambiwa mbao hutia kahawia, basi. Mfenesi ukiwa mpya una umanjano, na kadiri unavyozeeka huiva kuelekea wekundu. Nikakanda fondanti mbili, moja ya manjano yenye kahawia kidogo, nyingine ya rangi ya udongo, nikazisokota pamoja na kuacha kabla hazijachanganyika, kisha nikasukuma. Michirizi ikatoka yenyewe, hakuna uliofanana na mwenziwe. Zipo kalibu za silikoni zenye alama za mbao tayari, lakini sizitaki. Kalibu hurudia fundo lile lile kila mahali, na mti haujirudii.

Nilikuwa nimeshazunguka vichochoro vya Hurumzi na Kiponda nikipapasa milango, mpaka wenye nyumba wakaniuliza natafuta nini. Nyuzi za mbao hufuata urefu wa kila kipande. Kwenye miimo zimesimama, kwenye kizingiti zimelala, na pale zinapokutana ndipo jicho linasadiki kwamba vipande viwili vimeungwa. Mipasuko ya uzee nayo hufuata nyuzi. Mikono inaposukuma kila siku, pamelainika na kung'aa. Kuzunguka njumu za shaba, uchafu wa miaka umeganda mweusi. Hayo yote niliyataka kwenye sukari.

Nyuzi nilizichora kwa ncha ya kijiti cha mshikaki, nikikandamiza hapa, nikiachia pale. Nakshi za mnyororo kwenye miimo nilizikata kwa fondanti iliyotiwa CMC, poda ya kukazia sukari, maana hiyo hukauka ikawa ngumu na kushika ukingo mkali wa patasi. Wengi huyeyusha rangi kwa kilevi kikali kwa sababu hukauka upesi. Jikoni kwangu hakiingii. Nilitumia kokoa kavu, nikaisugua kwa brashi mpaka ikazama kwenye mifereji, halafu nikapangusa juu kwa kitambaa chenye unyevu mdogo sana. Weusi ukabaki ndani, umanjano ukatokeza juu. Nilipoiona hiyo, usiku, mvua inapiga bati, nilifurahi peke yangu kama mtoto. Keki haikuingia kwenye friji, kwa kuwa ikitoka huko hukusanya matone. Ililala mbele ya feni mpaka asubuhi.

Mzee aliletwa mezani baada ya dua. Nilimwamkia, akaitikia bila kuniangalia, kwa kuwa kidole chake kilikuwa kimeshafika kwenye mwimo. Alikipandisha taratibu kufuata nyuzi, akageuka nacho pembeni, akapita juu ya kizingiti.

"Mfenesi huu," alisema.

Binti yake akaziba mdomo kwa mtandio. Mzee akashuka mpaka katikati, kwenye mfaa, ule mti uliosimama kati ya mbawa mbili za mlango, akaubinya ukingo wake. Mfaa hushikana na ubawa mmoja tu na kuufunika ukingo wa mwenziwe. Mimi niliubandika hivyo hivyo, ubawa wa pili nikauacha na ufa mwembamba.

"Nani amekuonyesha hili, mwanangu?"

"Milango, baba. Nilikwenda kuitazama."

Akaitikia kwa kichwa, akaomba kisu. Wajukuu walikuwa wanagombania kona yenye njumu nyingi za dhahabu, akawanyamazisha. Akaukata kwanza ubawa usio na mfaa, kwa urefu, akifuata nyuzi nilizozichora.

"Huu ndio unaofunguka kwanza," aliwaambia. "Wageni huingilia huku." Kipande cha mwanzo akanipa mimi.